Kuvua kapi Naivasha kwa ndoano: chambo cha jikoni, vifaa vya mkono na kiboko

Mashua zinaporudi asubuhi kwenye fuo za Karagita, Kamere, Tarambeta na Central, samaki anayeshushwa kwa wingi ni yule mnene mwenye magamba makubwa ya rangi ya dhahabu iliyofifia na ndevu nne fupi pembeni mwa mdomo. Huyo ndiye kapi. Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru wamemla bila kujua jina lake, na wengine humwita tilapia kwa sababu ndivyo muuzaji alivyomwita.

Idara inayoshughulikia uvuvi huulizwa mara kwa mara na wakazi, hasa vijana wa mitaa iliyo karibu na ziwa, kama inawezekana kuanza kuvua bila mashua na bila nyavu. Jibu ni kwamba inawezekana, tena kwa vifaa ambavyo vingi vyavyo viko nyumbani tayari. Ila kuna njia moja ya kuanza ambayo haifai kabisa, nayo ni ile ya kuvua kwa miguu, ambapo mtu huingia majini hadi kiunoni akivuta wavu. Njia hiyo ni kinyume cha sheria, huharibu mazalia ya samaki, na imewakutanisha watu na viboko. Wapo waliotoka nyumbani kutafuta mboga ya jioni na hawakurudi. Makala haya yanaeleza njia nyingine: mtu amesimama au ameketi nchi kavu, mchana, akiwa na ndoano moja na leseni mfukoni.

Kapi alifikaje hapa

Kapi si samaki wa asili wa Kenya. Kwao ni Ulaya ya mashariki na Asia, ambako amefugwa kwenye mabwawa kwa karne nyingi. Watafiti wanaeleza kwamba aliingia Ziwa Naivasha kwa bahati mbaya mwishoni mwa miaka ya 1990, mafuriko yalipobomoa mabwawa ya samaki upande wa juu na maji kumleta kupitia Mto Malewa. Mwaka 2001 alianza kuonekana kwenye nyavu za wavuvi. Kufikia mwaka 2010 alikuwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa samaki wote waliovuliwa ziwani.

Sababu za kuenea kwake haraka namna hiyo ndizo zinazomfaa mvuvi anayeanza. Kapi hula karibu kila kitu: minyoo, mabuu ya wadudu, mbegu, mimea iliyooza. Huvumilia maji yenye matope ambayo samaki wengine huyakimbia. Jike mmoja hutaga mayai laki moja au zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, na mayai hayo hunata kwenye nyasi na mimea ya maji ya kina kifupi. Hapo ndipo hasa wavuvi wa miguu hukanyaga.

Anakula kwa kufyonza. Huinamisha kichwa, huvuta matope na chakula mdomoni, huchagua kwa kuonja, kisha hutema asichokitaka. Hana meno mdomoni, ila nyuma ya koo ana meno ya kusagia yenye nguvu za kuponda konokono. Tena anasikia vizuri sana. Mfuko wake wa hewa umeunganishwa na sikio kwa vifupa vidogo, kwa hiyo kishindo cha mtu anayetembea kwa nguvu ukingoni humfikia kabla ndoano haijatua. Mvuvi mwenye redio kubwa na marafiki wanne huenda akafurahia siku yake, lakini asitarajie samaki.

Leseni kwanza

Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inataka anayevua awe na kibali, hata kama ni ndoano moja. Mkazi afike katika ofisi ya uvuvi ya Kaunti Ndogo ya Naivasha akiwa na kitambulisho, aeleze kwamba anataka kuvua kwa ndoano kutoka ufuoni, na aulize ada inayotumika kwa wakati huo, kwani ada za Kaunti huweza kubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Aulize pia kama kuna kipindi cha kufungwa kwa uvuvi kilichotangazwa. Ni vyema kujitambulisha kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, ile inayojulikana zaidi kama BMU, kabla ya kutupa ndoano mara ya kwanza. Kamati inajua mahali ambapo viboko wametulia wiki hiyo, na jambo hilo halimo kwenye leseni.

Suala la mahali pa kuvulia ni gumu kuliko la ada. Sehemu kubwa ya kingo za ziwa imezungushiwa ua na mashamba, hoteli na makazi ya watu binafsi, na mkazi wa kawaida amebakiwa na fuo chache za umma. Kupenya ua wa mtu kwa sababu maji ni ya wote hakumsaidii mvuvi mbele ya polisi. Tangu maji yalipopanda mwaka 2020 na kuingia hadi mitaa ya Kihoto, kuna pia nguzo, seng'enge na visiki vilivyozama karibu na ukingo. Ndoano hunasa huko, na mguu nao hunasa vilevile.

Kiboko hafuati ratiba ya mvuvi

Vitabu vya uvuvi vya Ulaya humshauri anayetafuta kapi aende alfajiri au jioni, kwa kuwa ndipo samaki huyo hula zaidi. Kwa Naivasha ushauri huo ni wa kutupilia mbali. Kiboko hutoka majini jua linapozama kwenda kula nyasi, na hurudi alfajiri. Anayekutwa kati yake na maji ndiye anayeumia, hata kama hakuona mnyama wala kusikia sauti. Muda unaofaa ni kuanzia jua limepanda vizuri, yaani saa mbili au saa tatu asubuhi, hadi kabla ya saa kumi na moja jioni. Samaki wachache watapotea kwa mpango huo. Heri wao.

Mvuvi achague mahali palipo wazi ambapo anaona pande zote, mbali na vichaka vya mafunjo na mbali na vijia vipana vilivyosafishwa na nyayo kwenye nyasi. Vijia hivyo ni barabara za viboko. Gugumaji likisukumwa na upepo hadi ukingoni, aondoke, kwa sababu kiboko anaweza kuwa chini yake asionekane. Asiingie majini kunasua ndoano. Ndoano mpya ni bei ya maandazi machache. Akate mshipi na kufunga nyingine.

Vifaa vya kujitengenezea

Mambo mawili tu yanahitaji kununuliwa: mshipi na ndoano. Mshipi wa nailoni wenye uwezo wa kuvuta kilo sita hadi saba unatosha. Ndoano ziwe ndogo kiasi, namba 6 au 8. Mnunuzi akumbuke kwamba namba ikipanda ndoano hupungua ukubwa. Kosa la kawaida la anayeanza ni kununua ndoano kubwa akiwaza samaki mkubwa. Kapi hata wa kilo tatu ana midomo laini na hufyonza kwa uangalifu, na chuma kikubwa anakitema.

Njia rahisi kabisa ni mshipi wa mkono. Mita arobaini hivi za mshipi huzungushwa kwenye chupa ya plastiki ya lita moja au kipande cha mbao kilicholainishwa. Chupa ikielekezwa ziwani, mshipi huchomoka wenyewe unapotupwa. Vidole vifungwe kitambaa au glavu kuukuu, kwani kapi akikimbia mshipi hukata ngozi kama wembe.

Anayetaka ufito atafute mwanzi mkavu wa mita tatu hadi nne, ulionyooka na usio na ufa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Mshipi usifungwe kwenye ncha pekee. Ufungwe kwanza kwenye shina, karibu na mahali pa kushikia, kisha upandishwe ukizungushwa mwanzi hadi kwenye ncha na kufungwa tena. Ncha ikivunjika, samaki bado ameshikwa na shina. Asiyefanya hivyo huishia kuangalia ncha ya mwanzi ikielekea katikati ya ziwa.

Kwa chubwi, nati ya baiskeli au ya gari inafaa kuliko risasi, kwa sababu risasi ikibaki ziwani ni sumu kwa ndege wanaoimeza, na Naivasha ni ardhioevu inayotambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar tangu mwaka 1995. Nati iwekwe kama shubiri moja na nusu juu ya ndoano. Kiboya kinaweza kukatwa kutoka kwenye ndala iliyochakaa au bua kavu la mafunjo. Mvuvi anayetega chini bila kiboya anaweza kuegemeza mshipi kwenye kijiti chenye kikopo kilichotiwa kokoto mbili. Samaki akivuta, kikopo huanguka na kupiga kelele.

Fundo la ndoano lina hila ndogo. Ncha ya mshipi hupitishwa kwenye tundu la ndoano, huzungushwa mara tano au sita juu ya mshipi wenyewe, kisha hurudishwa ndani ya kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu. Kabla ya kukaza, fundo lilowanishwe kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika, na itakatika siku ya samaki mkubwa.

Wavu wa kuopolea hutengenezwa kwa waya mnene uliokunjwa duara na kushonewa gunia la vitunguu, lile lenye matundu. Bila wavu huo kapi wengi hupotelea hatua ya mwisho, ukingoni, wakati mvuvi anapojaribu kuwainua kwa mshipi.

Chambo kutoka jikoni

Chambo cha kwanza ni ugali. Si ule wa kawaida wa jana uliobaki, ambao huyeyuka majini baada ya dakika chache. Unaofaa hupikwa mgumu, vikombe viwili vya unga wa mahindi, na ukiwa bado moto huchanganywa na nusu kikombe cha unga wa ngano na kijiko cha sukari au asali. Unga wa ngano ndio unaoshikilia. Kisha hukandwa kwa mikono, kama unga wa chapati, hadi usinate tena vidoleni. Kwa kupima, kidonge cha ukubwa wa harage hutiwa kwenye glasi ya maji. Kikikaa nusu saa bila kuvunjika, kiko tayari. Ndizi mbivu iliyopondwa huongeza harufu, ila hulainisha mchanganyiko, kwa hiyo unga uongezwe kidogo.

Chambo cha pili ni mahindi makavu. Haya hulowekwa usiku kucha, au saa ishirini na nne kwa mahindi magumu, kisha huchemshwa hadi yalainike na mengine yaanze kupasuka, kama yanavyopikwa kwa githeri. Yasitupwe ziwani yakiwa makavu, kwa kuwa mbegu kavu hufura ndani ya tumbo la samaki na kumdhuru. Maji yaliyochemshia mahindi yasimwagwe. Yakiachwa na mahindi yake ndoo ikiwa imefunikwa kwa siku mbili au tatu hupata harufu ya uji uliochacha, na wavuvi wengi wa kapi huapa kwamba harufu hiyo ndiyo inayomwita. Jirani wa ploti wanaweza kuwa na maoni tofauti.

Kuna cha tatu, kinachowafaa walio na subira ya jikoni. Mayai mawili hupigwa na kuchanganywa na unga wa mahindi na wa ngano kwa vipimo sawa hadi donge ligande. Hufinyangwa vidonge vya ukubwa wa kunde kubwa au gololi ndogo, huchemshwa dakika mbili hadi tatu, kisha huanikwa kivulini hadi ngozi ya nje ikauke. Gharama yake ni kubwa kuliko ugali, lakini kina faida moja ya pekee kwa Naivasha: kamba wa maji baridi, wale wekundu waliotokea Marekani na kuletwa ziwani mwaka 1970, hupata shida kukinyofoa. Ugali mlaini wanaumaliza kabla kapi hajafika, na mvuvi hukaa saa nzima akilinda ndoano tupu.

Nyungunyungu kutoka kwenye samadi wanafanya kazi vizuri pia, hasa maji yanapokuwa na matope baada ya mvua.

Kabla ya kuanza, mvuvi anaweza kuwaita samaki kwa kutupa mahali pamoja vidonge vitatu au vinne, vikubwa kama chungwa, vya pumba za mahindi zilizokandwa na udongo wa ukingoni. Kiasi hicho kinatosha. Ndoo nzima ya pumba huwashibisha samaki na huoza chini na kuchafua maji.

Kutega na kuvuta

Kwa kuwa kapi hufyonza na kutema, wavuvi wa Ulaya waligundua kwamba ni bora chambo kisifunike ndoano. Badala yake, uzi mwembamba wa sentimita mbili hivi huachwa ukining'inia nyuma ya ndoano, na punje mbili za mahindi hutungwa kwenye uzi huo kwa sindano, kisha huzuiwa kwa kijiti cha nyasi kavu kwenye kitanzi cha mwisho. Ndoano hubaki wazi. Samaki akifyonza punje, ndoano hufuata. Akijaribu kutema, ndoano hugeuka na kushika mdomo wa chini. Anayeanza hana haja ya kuanza na mtego huu, lakini atakapochoka kuona chambo kikiliwa bila kunasa kitu, ajue ndio dawa.

Mguso wa kwanza si wa kuvutwa. Kiboya kitacheza, kitatulia, kitacheza tena. Mvuvi asubiri kiende upande mmoja bila kusita au kizame, ndipo akaze mshipi kwa mkono thabiti, bila kunyakua. Kapi akikimbia aachiwe mshipi kidogo kidogo ukiwa umekazwa, akipumzika, avutwe. Kapi mkubwa hukimbia mara mbili au tatu, na mara nyingi mbio za nguvu zaidi ni zile anapouona ukingo. Akishalala ubavu juu ya maji, wavu uwe tayari chini yake, usimfuate kumkimbiza.

Samaki mdogo arudishwe majini kwa mikono iliyolowa. Walio hai wasibebwe kwenye ndoo kwenda kupandikizwa kwenye bwawa la shamba au lambo la kijiji. Kupeleka samaki hai kutoka maji moja hadi mengine bila idhini ni kosa kisheria, na historia ya Ziwa Naivasha inaonyesha jinsi samaki wachache waliotoka bwawani walivyogeuza ziwa zima. Kapi huchimbua mizizi na kutibua matope, na kiota cha tilapia chini ya maji hakidumu mbele yake. Na anayekuta samaki wanaoelea wakiwa wamekufa asiwaokote kupika wala kuuza. Aripoti kwa BMU au ofisi ya uvuvi mara moja.

Sufuriani

Malalamiko mawili juu ya kapi ni ladha ya matope na miiba. Ya kwanza hutokana zaidi na ngozi na ule utando wa ndani ya tumbo. Samaki atolewe matumbo mapema, asafishwe hadi maji yawe meupe, kisha alowekwe kwenye maji ya chumvi na ndimu kwa muda wa saa moja hivi. Baadhi ya wapishi humchuna ngozi kabisa, na ladha hubadilika sana.

Miiba ni jambo la kisu. Kapi ana vimiiba vyembamba vyenye umbo la herufi Y ndani ya nyama ya mgongo, na haviondolewi kwa vidole. Kisu kikali hupitishwa kukata nyama kuanzia upande wa mgongo, mistari ya karibu karibu, nafasi kati ya mmoja na mwingine isizidi unene wa penseli, bila kufika ngozi ya upande wa pili. Vimiiba hukatika vipande vidogo, na mafuta yenye moto mkali huvifanya vikauke na kulika. Apakwe chumvi, tangawizi na unga kidogo, akaangwe hadi awe wa kahawia pande zote. Kwa watoto wadogo, hata baada ya hayo, nyama ya tumboni ndiyo salama zaidi, kwani huko kuna mbavu kubwa tu zinazoonekana na kuondolewa kwa urahisi.